Kikaango Kilichorudi Kitupu

Nyinyi vijana mnaopika huku mnatazama simu, haya nawaandikia nyinyi. Wazee wenzangu hawayahitaji: wengine macho yamekwisha na wengine walikuwepo. Someni polepole, kwa sababu na mimi niliandika polepole. Shule yangu ni ile ya watu wazima, jioni, ndani ya ghala la pamba, tumekalia magunia. Tulifika mahali pa kusoma barua na kuijibu, kisha mwalimu akahamishwa nasi tukarudi shambani. Herufi zangu ni kubwa, lakini hazilali.

Pasaka iliyopita mjukuu wangu alikuja kutoka Nyalikungu akanionyesha chakula kwenye simu yake. Kikaango kimoja kipana, samaki amelala juu ya mboga, anang'aa kama mtu aliyepakwa mafuta kwenda kanisani.

"Bibi, hiki ni chakula kipya," akasema. "Kila kitu kinapikwa chombo kimoja. Huchafui masufuria."

"Kinatoka wapi?"

"Nje, Bibi."

"Nje ya wapi? Ya uwanja?"

Akacheka, akasema nje ya nchi. Nikamrudishia simu yake. Chakula hicho nakijua. Kilipikwa jikoni kwangu, hapa nje kidogo ya Bariadi, yeye hajazaliwa, na siku hiyo mimi mwenye jiko sikuambulia hata mwiba.

Ilikuwa ile miaka tuliyoambiwa kila kitu sasa ni ruksa. Kabla ya hapo sukari ilikuwa ya kupangiwa foleni kwenye duka la kijiji. Unaamka alfajiri, unasimama, ukifika dirishani unaambiwa imekwisha, na anayekuambia ana punje za sukari kwenye ndevu. Nikajifunza kuiweka kwenye sanduku la bati, kufuli juu, na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Sukari niliitoa kwa ajili ya mgonjwa, mzazi, na mchungaji akitutembelea. Wengine waliweka chumvi kwenye uji na hakuna aliyekufa.

Ikaja ruksa. Maduka ya Bariadi yakajaa sukari mpaka ikawa inamwagika kwenye mizani, na wale wale waliokuwa wakitufungia dirisha wakaanza kutuita, karibu mama, karibu ndani. Wanunuzi wa pamba nao wakaja wengi, kila mmoja na mizani yake, kila mmoja akituapia kwamba mizani mbovu ni ya mwenzake. Mimi sanduku langu sikulifungua. Niliiona ruksa kama mgeni, na mgeni huondoka.

Samaki nao walipata ruksa. Kule Lamadi malori yenye barafu yakawa yanapanga mstari karibu na ziwa, yanabeba sangara kwenda viwandani, na kutoka viwandani minofu ilipanda ndege. Sisi tunaokaa karibu na ziwa tukaletewa mapanki, yaani kichwa, mifupa na mkia, vimekaangwa vikakauka kama kuni. Tulielezwa kwamba hiyo ndiyo biashara huria. Sikubisha. Nyama ilikuwa huru kwenda Ulaya na mifupa ilikuwa huru kuja Bariadi. Na kwa kweli haikutuuma sana, maana sisi ni watu wa ng'ombe. Samaki tulimhesabu kuwa chakula cha mtu aliyepatwa na jambo.

Kijana wangu wa kwanza alichoka kungoja malipo ya pamba, akasema anaingia kwenye biashara. Akaenda Lamadi kununua dagaa, akarudi na mke.

Huyo binti simsemi vibaya. Nilimsema vibaya wakati ule, na nilimsema vya kutosha. Mimi nilikuwa nimekwisha kumwona msichana wa Migato, mrefu, mikono ya jembe, baba yake namjua, mama yake namjua, hata ng'ombe wao nawajua kwa rangi. Badala yake akaja huyu mfupi, mkimya, ambaye mama yake alikuwa akiwapikia madereva wa malori ya barafu kwenye nyumba ya wageni. Mume wangu alitoa ng'ombe kwa sababu kijana alishikilia. Ng'ombe wakaswagwa mpaka ziwani, kwa wakwe wasio na zizi. Tulisikia kwamba usiku wa kwanza walifungwa kwenye mitumbwi. Mume wangu aliposikia hivyo alikaa siku nzima bila kumjibu mtu.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja, maana nyinyi mnakula kila mmoja na sahani yake mbele ya televisheni. Kwetu wanaume walikula nje, shikomeni. Shikome ni ule moto wa uwanjani ambako baba, ndugu zake na vijana wake hukaa jioni kuota na kuzungumza. Wanawake tulikula jikoni. Chakula cha wanaume kilibebwa, kikawekwa chini, aliyekibeba akapiga goti na kuondoka. Mkamwana akiwa mgeni anapika miezi kadhaa chini ya mama mkwe. Chakula kikiwa kitamu ni cha mama mkwe, kikiungua ni cha mkamwana. Baadaye inapangwa siku anapika peke yake na kupeleka shikomeni kilicho chake. Chombo kikirudi jikoni kitupu, amekuwa mtu wa nyumba hii. Kikirudi na kitu ndani, hata tonge moja, wanaume wamemkataa, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Nyumba nyingi wakati ule jambo hili lilikuwa limebaki kama mzaha. Watu wanakula, wanasifia, maisha yanaendelea. Mume wangu hakuwa na mzaha. Alituita, mimi na kijana wake, akasema, "Mkamwana atapika kaka yangu akifika. Chombo chake kikirudi na kitu, ng'ombe wangu nao warudi."

Kijana akasema, "Baba, wale ng'ombe, wengine wameshauzwa."

"Basi watarudi na rangi nyingine. Na asiambiwe. Ajue tu kwamba ni siku yake ya kupika. Nikimsikia mtu amemfundisha, nimeshahesabu kwamba kimerudi."

Kijana akaangalia chini. Mimi niliangalia paa, nisije nikaonekana nimefurahi.

Huyo kaka yake alikuwa anakaa Mwanhuzi, nchi kavu, na mali yake yote ilikuwa na miguu minne. Sisi tulimwita Namhala, yaani mzee, na ndiye ambaye mkono wake ulitangulia kwenye chombo chochote. Habari yake kuhusu samaki ilijulikana na ukoo mzima. Alikuwa akisema, "Mimi chakula kisicho na kwato sijui nikianzie wapi."

Mama mkwe mwenye utu angemwambia mkamwana achinje jogoo. Jogoo alikuwepo, alikuwa akipita pale mlangoni kama anayeomba. Mkamwana aliponiuliza, "Mayu, nipike nini?" nilimjibu, "Siku ni yako." Kwetu mayu ni mama, na alikuwa anaitamka vizuri, hilo nalo lilikuwa linanikera. Akamtuma mumewe Lamadi, naye akarudi na sato wawili wanene ndani ya gunia bichi, na barafu aliyoiomba kwa madereva. Kijana aliwaweka jikoni bila kuniangalia. Alimwambia mkewe, "Pika unachokijua," akatoka haraka, kama mtu anayeogopa mdomo wake mwenyewe.

Namhala alifika mchana na fimbo yake. Jua lilipoanza kulegea mkamwana akaingia jikoni, na mimi nikaketi kwenye kigoda karibu na mlango kuchambua choroko zisizokuwa na takataka.

Kitu cha kwanza alichokifanya, alisogeza figa langu.

Mafiga yangu matatu niliyapanga mwenyewe siku nilipoingia nyumba ile, na hakuna aliyewahi kuyagusa. Lakini alikuwa amekuja kutoka kwao na kikaango cha chuma, kipana kama ungo, kizito, alichopewa na mama yake, na kikaango hicho kilikuwa hakikai vizuri juu ya mafiga yangu. Akalisukuma moja kwa mguu, akajaribu, akalisukuma tena. Binti zangu wawili wakaniangalia waone nitasema nini. Nikachambua choroko.

Aliwapara sato, akawachanja mbavu, akawapaka chumvi na ndimu, akawaacha pembeni. Akamimina mafuta ya pamba kwenye kikaango. Akaanza na viazi vitamu, amevikata vipande vyembamba vya mviringo, kwa sababu viazi ndivyo vinavyochelewa. Vilipopata rangi akavisogeza ukingoni, akawalaza samaki katikati, upande mmoja, kisha upande wa pili, bila kuwachokonoachokonoa. Nimewaona wapishi wengi wakimgeuza samaki mpaka anakuwa uji. Huyu alimgeuza mara moja, akamwacha. Akazungushia vitunguu, bamia nzima nzima, na ngogwe, zile nyanya chungu, alizozipasua katikati. Binti yangu mdogo akanong'ona, "Mayu, anaweka mboga zote pamoja kama chakula cha sungura."

"Nyamaza," nikamwambia, "ana siku yake."

Hapo ndipo mkamwana alipokuja mbele yangu akapiga goti.

"Mayu, naomba sukari."

"Wanaume wanangoja na wewe unataka chai?"

"Si ya chai. Ya samaki."

Mambo mengi ya watu wa ziwani nilikuwa nimeyasikia, hilo nilikuwa sijalisikia.

"Kiasi gani?"

"Kikombe. Kama kipo."

Nikafungua pindo la kanga, nikaenda chumbani, nikavuta sanduku. Nawaambia ukweli, kwa sababu katika umri huu uongo unanichosha. Tangu miaka ya foleni sijawahi kutoa sukari kwa moyo mweupe kama siku ile. Nilijaza kikombe mpaka kikaota kilima, na nikakishikilia kwa mikono miwili kisimwagike. Kila punje niliiona ni hatua moja ya ng'ombe wanaorudi nyumbani. Binti wa Migato alikuwa bado hajaolewa, nilikuwa nimeulizia.

Mkamwana alipokea kwa mikono miwili, akasema wabeja. Hiyo ndiyo asante yetu, na siku hiyo nilistahili kitu kingine. Akakoroga sukari na maji ya ndimu, tangawizi iliyopondwa, chumvi na pilipili kidogo, akaimimina pembeni pa kikaango, penye joto kali. Ikachemka, ikapanda povu, ikashuka, ikaanza kuwa nzito na nyekundu kama udongo wa kichuguu. Akawa anaichota kwa kijiko na kuwamwagia samaki mgongoni, tena na tena. Kisha akafunika kwa bati, akaweka makaa juu ya bati, kama wafanyavyo wanaooka mikate, na akaketi. Hakufunua kuchungulia. Nilingoja afunue ili nimdharau.

Alipofunua, samaki walikuwa wanang'aa. Sina neno lingine. Ungeweza kuona mlango ndani yao.

Nikamwuliza, "Na ugali?"

"Mayu, kwetu hiki hakiliwi na ugali. Viazi ndiyo ugali wake."

Wanaume wa Kisukuma wanne hivi, na mmoja kati yao ametoka Mwanhuzi kwa miguu na kwa lori, na hakuna ugali. Mama mkwe mwenye utu angeinjika sufuria ya maji papo hapo. Nilisema, "Mpishi ni wewe."

Akashika kikaango kizima kwa vitambaa viwili. Binti yangu mkubwa akauliza, "Na chetu?"

"Nikiwakata sasa hivi ule ung'avu utaharibika," mkamwana akajibu. "Wacha wakaone kikiwa kizima. Watachukua chao, chetu kitarudi." Akanigeukia. "Si ndiyo, Mayu?"

Kwao ndivyo ilivyokuwa. Madereva wanachukua chao, kikaango kinarudi kwa waliopika. Na hapo mimi ningeweza kusema neno moja tu, kata. Hata mume wangu asingelisikia. Lakini niliona chakula kile kilivyo kingi, niliona sukari, niliona hakuna ugali, nikamkumbuka Namhala na kwato zake, nikajua hakuna shikome duniani litakalokimaliza kikaango kile.

"Kipeleke," nikasema.

Jiko langu lilikuwa la fito na udongo, na upande wa shikome udongo ulikuwa umedondoka pakabaki tundu. Nilikuwa nimekusudia kulikandika mwaka ule. Nikahamisha kigoda.

Nilimsikia Namhala kwanza. "Hiki nini?"

"Samaki, Baba mkubwa," kijana wangu akasema.

"Kwamba ni samaki naona. Nauliza kwa nini anang'aa."

"Ni mapishi ya kwao."

"Kwao wanampaka mafuta samaki aliyekwisha kufa. Na ugali uko wapi?"

Mume wangu akakohoa. "Utakuwa unakuja."

"Basi tuungoje ugali."

Wakaungoja. Moto ulikuwa unalia, na harufu ya tangawizi ilikuwa imefika mpaka kwenye zizi. Kidogo Namhala akasema, "Kitapoa hiki. Ngoja nione chumvi tu."

Nikasikia kimya cha mtu anayeona chumvi.

"Vipi?" mume wangu akauliza.

"Upande huu chumvi ipo. Nione upande ule, huenda haikufika." Kisha, "Na huyu mwenzake, je? Mbona mnaniacha peke yangu? Nyie hamna mikono?"

Baada ya hapo sikusikia maneno, nilisikia vidole. Mtu alivunja kitu, mtu alinyonya mfupa, mtu alisema, "Kichwa hicho ni changu," na sauti ilikuwa ya Namhala, asiyejua samaki anaanziwa wapi. Halafu mume wangu, polepole, "Ugali haujaja?"

"Usiwaharakishe wanawake," Namhala akajibu.

Ndani, binti zangu walikuwa wamekwisha kunawa mikono. Mkamwana alisimama mlangoni na vitambaa vyake viwili. "Mayu, watarudisha saa ngapi?"

"Subiri," nikasema. Ndilo neno pekee la kweli nililomwambia siku hiyo.

Aliyekirudisha alikuwa mume wangu mwenyewe. Tangu anioe hakuwahi kusimama mlangoni pa jiko langu. Akitaka maji aliita kutoka mbali. Alikuwa amekishika kikaango kwa mkono mmoja, na mkono ule ulikuwa unanata. Kwa mila zetu baba mkwe na mkamwana hawazungumzi uso kwa uso, kwa hiyo akayaelekeza macho yake kwenye paa, na mkamwana akaelekeza yake kwenye majivu, na katikati nikawa mimi, kama redio.

"Mama," akaniambia, "mwambie mwenye kikaango kwamba samaki wake wamefika salama."

"Si huyo hapo, anakusikia."

"Mwambie."

"Baba anasema samaki wako wamefika salama."

"Mwambie Baba wabeja sana."

"Anasema wabeja sana."

"Nimesikia," akasema, akakumbuka kwamba hakutakiwa kusikia, akakohoa. Akakiweka kikaango chini. Kilikuwa kitupu. Hata ngogwe haikuwemo, na ngogwe ni chungu.

Nikamwambia, "Mmekula chote."

"Ulitaka turudishe?"

Jibu lilikuwa ndiyo, kwa hiyo nikainama nikakisogeza kikaango.

"Tena mwambie," akaendelea, "mambo ya ng'ombe yamekwisha. Hapana, usimwambie hilo, hakuambiwa la kwanza. Sasa, ugali mmefikia wapi?"

"Ugali wa nini, na samaki mmemaliza?"

"Tumeshiba lakini hatujala. Kaka hawezi kusafiri kutoka Mwanhuzi akalale bila ugali. Atasema alipewa vitafunio."

Basi nikasonga ugali. Mkamwana alikuwa ameshamaliza siku yake, kwa hiyo kazi ile ilirudi kwa mwenyewe. Nikausonga ugali mkubwa, wakaula na maziwa ya mgando, na kibuyu cha maziwa kilirudi kitupu vilevile. Sisi jikoni tukabaki tunaangaliana. Mboga nyingine haikuwepo, maana niliwazuia binti zangu kupika chochote nikisema siku si yetu. Tukatafuna michembe, vile viazi tunavyokausha kwa ajili ya miezi ya njaa, na chai ya rangi. Binti yangu mdogo akauliza kama kuna sukari.

"Sukari imeliwa na samaki," nikamjibu.

Binti zangu walipotoka kuosha vyombo, mimi nikabaki na kile kikaango. Kwenye ukingo wa chuma palikuwa pamebaki utando wa ile sukari, mwekundu, umeganda. Nikachukua kipande cha mchembe nikaukwangua. Nikala. Nikakwangua tena upande mwingine, kama Namhala. Sitawaelezea ladha yake. Nyinyi mna simu, itafuteni humo. Nilipoinua macho mkamwana alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuchukua kikaango chake.

Hakucheka. Afadhali angecheka. Alichuchumaa karibu na mimi, kwenye lile figa alilolisogeza.

"Mayu, mume wangu ameniambia sasa hivi. Habari ya chombo kurudi."

"Amekuambia."

"Wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Hukuniambia nikate."

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza, Mayu. Nilisema, si ndiyo?"

Ni kweli, aliniuliza. Nilikuwa nimemnyima neno moja, na yeye kwa kulikosa neno hilo angeweza kufunga nguo zake kesho yake, apande lori la dagaa arudi kwa mama yake na kikaango kichwani, na mimi ningelisindikiza lori kwa macho na kusema ndivyo Mungu alivyopanga. Kilichomwokoa ni ulafi wa wanaume wanne. Nimewahi kusali kwa ajili ya mambo mengi, lakini ulafi nilikuwa sijaushukuru.

Yeye akauangalia mchembe ulionata mkononi mwangu. "Huko kwenye ukingo hakuna kitu," akasema. "Tafuta chini ya mpini. Sukari huwa inakimbilia huko."

Ilikuwepo.

Ng'ombe hawakurudi. Mume wangu aliacha kuwataja, na mtu akimtania kuhusu mitumbwi alisema kwamba ng'ombe wa kisasa lazima waone dunia. Namhala alikuwa aondoke kesho yake asubuhi. Asubuhi akasema mguu unamsumbua. Siku ya pili mguu ulipona, akasema njia ya Mwanhuzi ina matope, na mvua ilikuwa haijanyesha miezi miwili. Siku ya tatu akamwuliza kijana wangu, kama kwa bahati tu, malori ya Lamadi huwa yanapita siku gani.

Kijana alileta sato wengine watatu. Mkamwana akainjika kikaango, na mimi sikuombwa sukari, nilikwenda kuichukua mwenyewe. Jogoo akapita mlangoni bila wasiwasi. Kabla bati halijafunuliwa tukamsikia mume wangu akiita kutoka shikomeni.

"Mama! Mwambie mwenye kikaango akilete hivyo hivyo kizima, kama siku ile."

Na Namhala nyuma yake, "Waambie ugali wasisahau."

Mkamwana akaniangalia. Alikuwa ameshashika vitambaa. Binti zangu walikuwa wameshanawa, na safari hii walikuwa wamenawa bila matumaini. Nikasimama, nikachukua kisu, nikafunua bati mwenyewe, nikamkata samaki mmoja na nusu papo hapo, ung'avu ukavunjika, haidhuru. Nikafungua pindo la kanga, nikautoa ule ufunguo. Kisha nikasimama mlangoni pa jiko, mahali ambapo jikoni wananiona na shikomeni wananisikia, nikasema:

"Kuanzia leo kikaango hiki hakivuki mlango huu kabla wanawake hatujakata chetu. Figa hili libaki hapa lilipo, asiliguse mtu. Ufunguo wa sanduku la sukari atakaa nao mkamwana, na mimi nikitaka chai nitamwomba. Na huyo anayeulizia ugali aje hapa jikoni ausonge."